Usianze na Matambara

Anayeanza kushona huambiwa achukue matambara. Ajizoeze kwenye kitu kisicho na thamani, akiharibu asijutie, na mkono ukishatulia ndipo akabidhiwe kitambaa cha maana. Nimeusikia ushauri huo kwa mafundi, kwa walimu wa sayansi kimu na kwa shangazi yangu, ambaye sindano huishika pale tu kifungo kinapodondoka. Siukubali. Mimi nilijifunza kushona kwa khanga za mama yangu, zile zile alizojifunga nikiwa mtoto, na naamini kama ningepewa matambara ningeiacha kazi kabla ya safu ya kwanza kwisha.

Kilichonisukuma ni baridi. Mimi ni mtu wa Tanga, nimekulia kwenye joto la pwani, ambako shuka moja nyepesi humtosha mtu mwaka mzima. Nilipangiwa kufundisha hisabati Njombe, karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kuanzia Juni mpaka Agosti ukungu hukaa juu ya mashamba ya chai na misitu ya misindano hadi saa nne asubuhi, maji ya bomba hukata vidole, na usiku mtu hulala na soksi. Wenyeji wana namna zao: makoti mazito, kofia za sufu hata kwa watoto wachanga, na kuota moto jikoni wote pamoja kabla ya kwenda kulala. Mgeni hushawishika kuingiza jiko la mkaa chumbani alale nalo. Mama mwenye nyumba wangu alinikataza jambo hilo siku ya kwanza, tena kwa ukali, kwa sababu hewa ya mkaa kwenye chumba kilichofungwa huua mtu akiwa usingizini, na hapo alipo ameshazika watu waliokufa hivyo.

Nilinunua blanketi la mitumba sokoni. Lilikuwa jembamba, limefuliwa hadi manyoya yamekwisha. Nilipomlalamikia mama kwenye simu, akanitumia furushi kwa basi. Ndani yake mlikuwa na khanga saba. Jifunike hizi, alisema, na pwani hilo lingekuwa jibu tosha. Njombe khanga moja haizuii kitu, na saba zikipandishwa moja juu ya nyingine huteleza usiku, ukaamka alfajiri umeshika moja na sita ziko chini ya kitanda.

Nilizitandaza mchana nizitazame vizuri. Khanga haichakai sawasawa. Hukwisha kwanza pale inapopigwa fundo kiunoni, kisha katikati ya mji, ule uwanja ulio ndani ya pindo, pale mtu anapokalia. Ukiinyanyua mbele ya dirisha, sehemu hizo hupitisha mwanga, nyuzi zimebaki chache chache. Lakini kando ya pindo nguo bado imara, rangi yake haijapauka, na ukiivuta kwa mikono miwili hailii. Katika khanga zote saba, sehemu nzuri ilikuwa kubwa kuliko sehemu iliyokwisha. Mojawapo ilikuwa kisutu, ile nyekundu, nyeusi na nyeupe ambayo mama alipewa alipoolewa.

Fundi niliyempelekea ni mama wa makamo, mwenye cherehani nyeusi ya miguu kwenye kibaraza cha duka karibu na soko. Alikuwa ameshanipunguzia sketi mbili tatu. Nilimwamkia, "Shikamoo mama," akaitika marahaba, kisha akaongeza "Kamwene, mwalimu," kama afanyavyo kila nikipita, ili Kibena kiniingie kidogo kidogo. Nilikuwa nimekiona anachokalia: mto wa kigoda ulioshonwa kwa vipande vya vitenge, kila kipande na rangi yake, pembe nne nne zimekutana mahali pamoja bila kupishana. Nikamwomba anishonee blanketi la namna ile kwa khanga za mama. Akakataa.

"Nitakufundisha," alisema. "La kwako utalishona mwenyewe."

Nikamuuliza kama ninunue kwanza kitambaa cha bei ndogo nijaribie. Akazishika zile khanga, akazipima uzito mkononi, akasema: "Ukijifunzia kwenye tambara, mwalimu, hutaona ukikosea. Nani anatazama tambara? Lete hizi hizi."

Nimefundisha miaka kadhaa na sikuwahi kulisikia jambo hilo likisemwa wazi namna ile, ingawa naliona darasani kila siku. Mwanafunzi ukimpa karatasi na kumwambia ni ya kukokotolea tu, itatupwa, anaandika ovyo, anaruka hatua, tarakimu zake hazijipangi. Mwanafunzi yule yule, siku anapopiga hesabu ya mbolea ya shamba la baba yake, anarudia mara mbili bila kuambiwa. Umakini hauji baada ya ujuzi kama zawadi. Ndio unaouleta ujuzi, nao huja pale kazi inapokuwa na mwenyewe, na mwenyewe anaingoja.

Wanawake waliofanya kazi hii vizuri kuliko wote ninaowajua kwa kusoma hawakuwa na matambara ya mazoezi. Katika kijiji cha Gee's Bend, Alabama, Marekani, kwenye kona ya mto ambako wazee wao walikuwa watumwa katika shamba la pamba, wanawake weusi walishona mifarishi, yaani mablanketi ya vipande, kwa nguo za kazi zilizochakaa, suruali za jinzi, mifuko ya mbolea, kwa sababu nyumba zao zilipitisha upepo na watoto walihitaji kufunikwa. Missouri Pettway, mwaka 1942, alichukua nguo za shambani za mumewe aliyefariki, akazikata, akazishona zikawa mfarishi wa kujifunika. Binti yake, Arlonzia, alisimulia baadaye kwamba mama yake alitaka kumkumbuka mumewe kwa kulala chini ya nguo zake. Mwaka 2002 mifarishi ya kijiji hicho ilitundikwa kwenye jumba la makumbusho la sanaa la Houston, kisha kwenye jumba la Whitney kule New York, na watu waliozoea kutazama michoro ya wasanii wakubwa wakasimama mbele yake. Mwaka 2006 posta ya Marekani ikatoa stempu zenye picha za mifarishi hiyo. Ukiitazama unaona magoti ya suruali yaliyopauka, na mahali mfuko ulipobanduliwa nguo imebaki na rangi yake ya zamani. Hakuna aliyeshona vile kwa kujaribu.

Na khanga nazo, kabla hazijawa khanga, zilianza kwa kuunganishwa. Katika nusu ya pili ya karne ya 19 wanawake wa mwambao walinunua leso za kuchapwa zilizokuwa zikiuzwa kwa jora. Walikata urefu wa leso tatu, wakakata mwingine wa leso tatu, wakaishona mikato hiyo miwili ubavu kwa ubavu: leso sita, nguo moja. Wafanyabiashara walipoona nguo hiyo inavyopendwa, ndipo wakaagiza iliyochapwa nzima, yenye pindo na mji. Kwa hiyo nilipozikata khanga za mama ili niziunganishe upya, na moyo ukasita kwenye mkasi, nilijituliza kwa kukumbuka kwamba mkasi na sindano vilikuwepo tangu mwanzo wa nguo hii.

Kabla ya mkasi kulikuwa na maji. Khanga kongwe haina shida, imesharudi siku nyingi na rangi yake imeshatoka yote iliyokuwa ya kutoka. Mpya ni hatari: ina dondo, na pamba ikifuliwa mara ya kwanza hupungua. Ukichanganya mpya isiyofuliwa na kongwe, siku ya kuufua mfarishi vipande vipya vitavuta vingine na uso wote utajikunja. Zangu zilikuwa kongwe zote, ila moja ilikuwa bado ikitoa rangi, nayo niliiloweka na kuifua mpaka maji yakatoka meupe.

Fundi alikuwa na jaribio jingine, la moto. Alichomoa uzi mmoja kutoka kwenye ukingo wa kila khanga, akauwasha kwa kiberiti juu ya kisahani. Uzi wa pamba huungua haraka, harufu yake ni ya karatasi, na jivu lake ukiligusa hupotea kidoleni. Uzi wenye poliesta hujikunja, huyeyuka, na mwishoni hubaki kidonge kigumu cheusi. Za mama zote ziliungua kikaratasi. "Hizi zitakaa pamoja," akasema. Vitenge vizito na khanga nyepesi hakuvitaka viwekwe kwenye kazi moja ya mtu anayeanza, maana kizito humvuta mwenzake, na pasi inayomfaa mmoja humuunguza mwingine.

Kipimo tulikipata kwa fundi bati wa jirani: mraba wa bati wa inchi 6 na nusu kila upande, kingo zake zimesuguliwa zisikate mkono. Kadi ya boksi ingefaa kwa vipande kumi vya mwanzo, halafu kingo zingeanza kulika na penseli, na mraba wa mwisho usingelingana na wa kwanza. Kila kipande nilikilaza sawa na nyuzi za kitambaa, mtande na mshindio, sio hanamu, kwa sababu kitambaa kikikatwa hanamu huvutika na mraba hugeuka kuwa umbo ambalo hata mimi mwalimu wa hisabati sina jina lake zuri. Nilihitaji mfarishi wa futi 5 kwa 7, unaofunika kitanda cha futi 4 kwa 6 na kushuka pembeni. Kila mraba, ukishatoa robo inchi ya mshono kila upande, hubaki inchi 6. Safu moja ni vipande 10, safu ni 14, jumla vipande 140. Khanga saba, vipande 20 kwa kila moja. Hesabu ilitoka sawa bila kulazimishwa, na sikuificha furaha yangu.

Katika kupanga rangi nilitegemea hesabu vilevile. Nilizipa khanga namba, moja hadi saba, nikazipanga kwa mfuatano kwenye safu ya kwanza. Safu ya pili nikaanzia khanga ya tatu, inayofuata ya tano, kisha ya saba, ya pili, ya nne, ya sita, halafu nikarudia tangu mwanzo. Ukipanga hivyo, khanga moja haigusani na nafsi yake upande wowote, hata kwa pembe, na kila moja hutokea mara 20 kamili. Niliona nimemaliza. Fundi alikuja akasimama miguuni pa vile vipande vilivyotandazwa sakafuni, akakunja macho kama mtu anayetazama mbali, kisha akainama akabadilisha vitatu. Mistari ya kisutu ilikuwa ikivuta jicho upande mmoja. Alipoihamisha, uso wote ulitulia. Hesabu inajua khanga ni ya ngapi. Haijui kwamba nyekundu na nyeusi zikikaa karibu na njano huonekana kubwa kuliko zilivyo. Nilijifunza pale kukunja macho, na tangu siku hiyo ndiyo njia yangu ya kwanza ya kutazama rangi.

Sasa mshono, ambao ndio moyo wa kazi yote, na hapa nitakaa kidogo.

Cherehani ya miguu huendeshwa na kanyagio, na mtu anayeanza hudhani kazi yake ni kuisukuma nguo. Siyo. Chini ya mguu wa cherehani kuna meno madogo yanayopanda na kushuka. Hayo ndiyo yanayobeba nguo. Mkono kazi yake ni kuelekeza. Ukivuta kwa nyuma ili iende haraka, sindano hupinda, hugonga bamba la chuma chini yake, na kuvunjika. Fundi alinikalisha nikanyage bila uzi, juu ya karatasi yenye mistari, mpaka miguu ikajua mwendo wake na matundu ya sindano yakafuata mstari. Hayo ndiyo mazoezi pekee aliyoruhusu, na alisema wazi kwamba ni mazoezi ya miguu, sio ya kushona.

Kisha akabandika kipande cha plasta ya kidonda kwenye bamba la cherehani, robo inchi kamili kulia kwa sindano. "Ukingo wa khanga utembee hapa. Usiitazame sindano. Itazame plasta." Ushauri huu ningeutundika ukutani. Sindano inapanda na kushuka, inavuta macho, na aliyeitazama hujikuta amepinda bila kujua. Plasta haitembei.

Kwa nini robo inchi iwe ile ile daima? Wanafunzi wangu wamelipata hili kama swali. Chukua kosa dogo lisiloonekana, robo ya robo inchi. Mshono ukizidi kiasi hicho, unakula kiasi hicho kwenye mraba wa kulia na kiasi hicho kwenye mraba wa kushoto, yaani moja ya nane ya inchi. Mshono mmoja, hakuna atakayejua. Safu ya vipande 10 ina mishono 9, nayo inakuwa fupi kwa inchi moja na moja ya nane. Safu ya jirani iliyoshonwa vizuri siku nyingine ni ndefu kwa kiasi hicho hicho, na siku ya kuziunganisha hakuna pembe itakayokutana na mwenzake. Hakuna kipande hata kimoja kitakachoonekana kibaya. Mshonaji anakabiliana na jumla. Ndiyo maana fundi alipima safu yangu ya kwanza kwa futi yake kabla hajaniruhusu kuanza ya pili, na ya pili kabla ya ya tatu, wala hakuchoka.

Pale ambapo safu haikutimia, tulifumua. Watu huogopa kufumua, huona ni kurudi nyuma. Kwa fundi huyu kufumua kulikuwa sehemu ya kushona kama vile kutunga uzi. Alinionyesha namna ya kukata kila mshono wa nne kwa ncha ya wembe upande mmoja, kisha kuvuta uzi wa upande wa pili utoke mzima, kitambaa kisiumie. Na hapa ndipo nilipomwelewa kuhusu matambara. Tambara likipinda unaliacha, unasema litatosha. Kisutu cha mama hukiachi kikiwa kimepinda. Unafumua, unapiga pasi, unashona tena, na mara ya pili mkono unakumbuka.

Pasi nayo ina adabu yake. Ilikuwa ya mkaa, na kabla ya kuigusisha na khanga fundi aliipeleka nje ya kibaraza, akaitikisa, akapuliza jivu, akaijaribu kwenye kitambaa kilicholowa. Mimi nilikuwa nimezoea kupiga pasi kwa kuisukuma mbele na nyuma, kama mtu yeyote anavyofanya kwenye shati. Vipande vidogo havitaki hivyo. Pasi inawekwa, inakandamiza, inanyanyuliwa, inawekwa mahali pengine. Ukiiburuta, nguo huvutika na mraba hupoteza umbo. Mishono ya safu ya kwanza yote ililazwa kulia, ya safu ya pili yote kushoto, na kuendelea hivyo kwa kupokezana. Sababu yake huoni mpaka siku ya kuunganisha safu mbili: pale mishono inapokutana, unene wa upande mmoja unaingia kwenye kona ya upande wa pili, vinakamatana, na vidole vinasikia vimefika kabla macho hayajaona. Unachoma pini hapo hapo. Pembe nne zinakutana. Mara ya kwanza nilipofungua safu mbili na kuona msalaba umekaa sawa, nilimwita fundi aje aone, akaja, akaona, akarudi kwenye sketi ya watu aliyokuwa akiishona, na jioni ile akanipa kikombe cha chai.

Uso ulipokamilika, yale mengine yalikwenda kwa haraka. Chini tulitandaza marikani, katikati lile blanketi langu jembamba la mitumba, juu vipande 140. Tukapiga bandi kuanzia katikati kwenda nje, mishono mirefu ya kushikilia tu, ili tabaka tatu zisitembee. Kisha kazi ikahamia nyumbani kwangu, kwa sababu kushona tabaka zote kwa pamoja fundi alitaka nifanye kwa mkono. Cherehani ile ingeweza, lakini mguu wake unakandamiza tabaka la juu na kulisukuma, na kwa mtu anayeanza uso hujaa mikunjo. Kwa mkono, sindano inazama, inagusa kidole kilicho chini, inaibuka. Kastabini kwenye kidole cha kati. Uzi usizidi urefu wa mkono, la sivyo unajifunga. Nilifuata kando ya kila mshono. Jioni baada ya jioni nilikaa jikoni kwa mama mwenye nyumba, karibu na moto wa kuni, mfarishi ukiwa magotini, nao ulikuwa umeshaanza kunipa joto kabla haujaisha.

Mwalimu mwenzangu alinitembelea siku moja akanikuta hivyo. Akashika ukingo, akauliza kwa sauti ya huruma kama mshahara wangu ulikuwa na matatizo. Sikukasirika, najua kwetu kiraka ni alama ya nini. Mtoto mwenye kiraka kwenye kaptura alichekwa enzi zetu, na anachekwa hata leo, na mzazi anaona bora akope anunue mpya. Nadhani hapo tumejinyima kitu. Kiraka kilichoshonwa vizuri kinaeleza kwamba kuna mtu aliyekaa chini, akapima, akajali. Nilimfunulia upande wa juu wote, akanyamaza, akatafuta khanga moja kwa macho mpaka akajua iko mara ngapi. Akasema bibi yake kule Makete anazo nyingi.

Baadaye nilisoma kuhusu Wasiddi wa Karnataka, India, ambao wengi wa wazee wao walivushwa bahari kutoka pande zetu za Afrika Mashariki, wengine kama watumwa wa Wareno kupitia Goa. Wanawake wao hushona mifarishi inayoitwa kawandi, na hawaanzi kama nilivyoanza. Hawakati miraba, wala hawaunganishi uso kwanza. Hutandaza sari kuukuu chini, huanza pembeni, huweka kipande cha nguo iliyochakaa na kukishona moja kwa moja kupita tabaka zote, kisha kingine, wakizunguka kingo na kuja ndani, mpaka wanafika katikati. Kwenye pembe huweka vipande vilivyokunjwa pembetatu, wanavyoviita maua, na bila hayo mfarishi huhesabiwa kuwa haujavaa. Sina ushahidi wa kusema ufundi huo ulitoka huku, wala sidai hivyo. Ninachokiona ni wanawake wa asili yetu, ng'ambo ya bahari ile ile inayopiga Tanga, wakifunika watoto wao kwa nguo zilizovaliwa, na mshono wao wa mkono unapita kama ulivyopita wangu. Natamani sana kuujaribu mtindo wao, nianzie pembeni bila mraba wa bati.

Ukingo niliufunga kwa utepe wa kisutu uliokatwa hanamu, maana hapo ule mvutiko usiotakiwa kwenye mraba ndio unaotakiwa, utepe upinde kwenye kona bila kukunjamana. Fundi aliukagua wote, akavuta hapa na pale, akakataa malipo ya mafunzo. Alipokea viazi, na ahadi kwamba binti yake nitamsaidia hisabati ya kidato cha pili. Binti ameshafika kidato cha nne.

Mama alikuja kunitembelea Julai iliyofuata, mara yake ya kwanza kupanda hadi Njombe. Usiku nilimfunika na mfarishi, lakini hakulala upesi. Aliwasha taa, akaanza kupita kipande kwa kipande kwa kidole. Hii niliinunua Ngamiani, hii nilipewa na wifi, hii nilikuwa nimeivaa siku ulipoanza shule ukalia mpaka mwalimu akanirudisha. Kuna khanga mbili nilizozijua kwa rangi tu maisha yangu yote, na usiku ule nilijua zilitoka kwa nani na kwa sababu gani. Moja aliipapasa muda mrefu, akasema hii nilikuwa bado naivaa, nani alikwambia imechakaa? Nilimwonyesha mahali pa fundo palipokuwa pamekwisha, kipande ambacho sikukitumia, nilichokiweka kwenye bahasha. Akakitazama kwenye mwanga, akakubali.

Sasa nakata mfarishi wa pili, wa mtoto wa dada yangu anayetarajiwa Muheza. Utakuwa wa futi 3 kwa 3 na nusu, vipande 42, bila blanketi katikati kwa sababu kule joto lipo, marikani tu nyuma. Mama ameshatuma khanga tatu na sharti moja: kisutu kiwepo, na kikae upande wa kichwani. Mwalimu mwenzangu ameleta za bibi yake kutoka Makete, ananunua uzi Jumamosi, na fundi amesema cherehani itakuwa na nafasi kuanzia saa tisa.